Lubumbashi kwa Urefu wa Mtoto

Akina mama, safari ya juma hili haihitaji tiketi wala sanduku. Ni mwendo wa miguu ndani ya Lubumbashi yetu, nusu siku tu, na walioongoza njia ni watoto.

Kwanza tukumbuke mji wenyewe ulivyochorwa. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na mwaka uliofuata tanuri ya shaba ikaanza kuyeyusha. Wabelgiji waliupanga kwa rula: wazungu upande huu, wafanyakazi weusi upande ule, na katikati wakaacha eneo tupu la mita mia kadhaa, kwa hoja kwamba mbu wa malaria hataweza kulivuka. Sammy Baloji, mpiga picha mzaliwa wa hapa kwetu, alilifanyia kazi ya picha mwaka 2013, akakumbusha pia amri ya zamani iliyomtaka mfanyakazi alete nzi 50 kwa siku ndipo apate posho. Kwa hiyo nafasi kubwa ya wazi katika mji huu iliwekwa ili watu wasikutane. Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi zikakua nje ya mpaka huo, lupango kwa lupango, na sidhani kama kuna aliyewahi kuwauliza watoto wanataka kucheza wapi.

Sisi tuliwauliza. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa 9, jakaranda zimechanua katikati ya mji na vumbi limejaa kila mahali kwa sababu mvua ilikuwa bado. Tulikuwa mama watatu na watoto 14 kutoka barabara chache za Katuba, mdogo wao ana miaka 6, mkubwa 16. Sheria ilikuwa moja: watoto mbele, sisi nyuma, na mama asimsahihishe mtoto. (Sheria hiyo ilitushinda mara mbili kabla hata hatujatoka barabara ya kwanza.) Kila mtoto alishika chaki au kipande cha makala. Mahali anapopapenda achore duara, mahali anapopaogopa achore msalaba.

Maduara yalitushangaza. Hatukuona duara hata moja penye kitu ambacho mtu mzima angekiita uwanja wa michezo. Yalikuwa chini ya mwembe karibu na duka, kwenye rundo la mchanga wa mtu anayejenga, kwenye ngazi tatu za kanisa, na kwenye ukuta mfupi ambao kimo chake kinamtosha mtoto kukaa na miguu ikaning'inia. Misalaba ilikuwa kwenye mtaro ulio wazi, kwenye kona ambako pikipiki zinakata bila kupunguza mwendo, na mbele ya baa ambako walevi wanawaita wasichana.

Kisha tukafika kwenye kiwanja cha mpira. Huu ni mji wa TP Mazembe, timu iliyoanzishwa mwaka 1939 na yenye uwanja wake Kamalondo tangu 2011, kwa hiyo penye ardhi tambarare ya hatua 30 kuna magoli ya mawe. Wavulana wote wakachora duara. Wasichana wakubwa, mmoja baada ya mwingine, wakachora msalaba juu ya duara lile lile. Mmoja wa miaka 13 alipoulizwa akasema: "Wakubwa wakifika, tunatoka. Hawatufukuzi. Tunatoka tu."

Maneno hayo nilitembea nayo njia yote. Jambo hilo si la Katuba peke yake. Huko Vienna, Austria, miaka ya 1990, watafiti waliona kwamba wasichana wakifika miaka 9 au 10 wanaanza kupotea kwenye bustani za mji, na wavulana wanabaki. Mji ulipotengeneza upya bustani mbili kuanzia mwaka 1999, haukuondoa mpira. Uliongeza njia za kupita, sehemu za kukaa na nafasi za michezo mingine, na wasichana wakarudi. Wetu walisema karibu jambo lile lile bila kusikia habari za Vienna: wanataka sehemu ya sementi laini kwa kuruka kamba na kwa ule mchezo wa kupiga miguu na makofi, ambao Kinshasa wanauita nzango. Wanataka ukuta wa kukaa wawili wawili wakiongea, taa, na choo chenye mlango unaofungwa. Hakuna aliyetaja bembea isipokuwa wadogo. Ningeulizwa mimi, ningeanza na bembea.

Katika kundi letu alikuwemo mvulana anayetembea kwa baiskeli ya mikono. Yeye hakuchora mengi, maana sehemu kubwa ya njia hakuweza kuifika. Kwenye mchanga magurudumu yanazama, na juu ya mtaro ubao ulikuwa mwembamba kuliko baiskeli yake. Wenzake walimbeba mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu alikataa, akasubiri upande huu. Tangu hapo watoto wenyewe walianza kupima kila mahali kwa upana wa baiskeli yake, wakitumia fimbo waliyoikata, na fimbo hiyo ilitusaidia kuliko mita ya fundi.

Jambo moja watoto hawakulisema, nasi ni lazima tuliseme kwa niaba yao: udongo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Walikuta kobalti nyingi kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini, na hasa kwa watoto. Mtoto anacheza chini, analamba vidole. Kwa hiyo kabla ya rangi na bembea, uwanja wa Lubumbashi unahitaji majani au sementi ya kufunika vumbi, na bomba la kunawia mikono. Na tusikubali udongo wa kujazia usiojulikana umetoka wapi, hata ukiletwa bure.

Ukitaka kuona mfano wa kazi iliyofika mbali, vuka hadi Nairobi (nchi ya Kenya sasa, si komini yetu). Kule Kibera, tangu mwaka 2006 shirika la Kounkuey limekuwa likitengeneza viwanja pamoja na wakaaji, kando ya mto ambako zamani palikuwa jalala. Wamechanganya mambo: maji, vyoo, sehemu ya kufulia, vibanda vya biashara na mahali pa kuchezea, vyote pamoja. Mama anafua au anauza, na mtoto anacheza mbele ya macho yake. Nairobi hiyo hiyo, kuanzia mwaka 2012, UN-Habitat iliwapa vijana mchezo wa kompyuta wa Minecraft wajenge kwanza kwenye kioo uwanja wanaoutaka, hata kwa bustani ya zamani ya Jeevanjee iliyo katikati ya mji. Sisi hatuna kompyuta 14. Tulitumia vifuniko vya chupa na matope, na kiwanja kilionekana vizuri.

Ugumu wetu ni ardhi. Barabara mbili kutoka kwetu palikuwa na kiwanja cha wazi. Siku moja matofali yalishushwa, na baada ya juma moja palikuwa na ukuta na geti. Tulipouliza, tulionyeshwa karatasi. Kiwanja ambacho hakimo kwenye karatasi yoyote ni cha yule atakayewahi. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Kifungu cha 12 kinasema mtoto asikilizwe katika yanayomhusu, cha 31 kinasema ana haki ya kucheza, na tunayo sheria yetu wenyewe ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009. Hizo nazo ni karatasi. Tumezitaja kwenye barua.

Barua ilipelekwa kwa shefu wa kartie pamoja na mchoro: kiwanja cha mpira kikiwa kimegawanywa, mwembe mahali pake, mstari wa fimbo ukionyesha upana wa kila njia. Watoto wanne walikwenda nayo, wawili wasichana, na walitaka kuongea wenyewe. Alisikiliza, akaomba nakala ya kupeleka komini. Jibu halijafika. Tuliwarudia watoto wote 14 kuwaeleza hivyo hivyo, pamoja na yale tuliyoyaacha nje ya mchoro na sababu zake. Wawili walinuna kwa ajili ya bwawa la kuogelea.

Ubao juu ya mtaro tayari umepanuliwa. Falanga zilitoka kwenye likelemba, na fundi aliupima kwa fimbo ile.