Diski Iliyogoma

Sura 17 za riwaya yangu zilikuwa ndani ya diski ya nje aliyoniachia kaka. Siku moja ikagoma. Kusoma inasoma, lakini ukitaka kuhifadhi hata nukta moja mpya, kompyuta inakujibu haiwezi kuandika.

Fundi wa mtaani akaniambia, "Lete tuifomati, dogo." Eti aifute ili ipone! Nikamkatalia. Diski inayosoma ni mgonjwa anayeongea bado: chukua maneno yake kwanza, dawa baadaye. Hata chkdsk ya Windows, ambayo kila mtu anaikimbilia, hurekebisha kwa kuandika juu ya diski hiyo hiyo mbovu. Nikahamishia sura zote kwenye flashi, moja moja, jasho linanitoka. Sura ya 9 ilikataa mara tatu ndipo ikatoka.

Sasa nikatafuta ugonjwa. Nikabadili waya, maana diski nyingi husingiziwa kosa la waya. Nikahamia tundu la nyuma ya kompyuta. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 tu, na diski inayozunguka ikipungukiwa umeme hukatisha kuandika njiani. Wapi! Programu ya CrystalDiskInfo ndiyo iliyosema kweli: mstari wa C5, yaani sehemu zinazoshukiwa kuwa mbovu, idadi yake ilipanda kila nilipotazama.

Basi, kaka nimemwambia diski yake imekwisha. Flashi moja hainipi usingizi. Sura ya 18 naiandika daftarini, kwa kalamu, hadi nipate hela ya diski nyingine.