Nilipomuuliza baunsa kama ananijua

Kitindamimba wetu ana meno mawili ya bandia, ya mbele kabisa, na kila akicheka mimi huangalia pembeni. Meno yake halisi yalibaki kwenye ngazi za klabu moja hapa Nakuru. Mkono uliomsukuma ulikuwa wa baunsa, lakini mdomo ulioanzisha vita ulikuwa wangu.

Ulikuwa mwaka wa 2019, kabla Nakuru haijatawazwa jiji. Kijana alikuwa amemaliza mitihani ya mwaka wa pili kule Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, nami nikajitia ukarimu wa kaka mkubwa. Tulikula nyama choma, tukanywa kidogo, na ilipotimu saa nne usiku tukashika njia kwenda kusakata densi. Mlangoni alisimama njemba wa miraba minne, kabuti jeusi limemkaa utadhani ameshonewa akiwa ndani. Akamwomba mdogo wangu kitambulisho. Alikuwa amekisahau chumbani kwake Njoro.

Msomaji, hapo ndipo ningesema, "Haya ndugu, tutarudi siku nyingine." Badala yake nilichomoa kadi yangu ya uandishi wa habari na kumuuliza kwa sauti iliyosikika na foleni nzima, "Kwani hunijui mimi ni nani?"

Akanijibu taratibu kwamba hanijui. Watu wakaangua kicheko. Kuona nimechekwa, nikamtupia neno kuhusu mshahara wake na kisomo chake, neno nisiloweza kuliandika katika ukurasa unaosomwa na watoto. Mdogo wangu, kwa kunitetea, akamkwida baunsa kola. Alisukumwa mara moja tu. Ngazi zilikuwa nne, za saruji.

Asubuhi mama alituuliza swali moja: "Huko ndani kulikuwa na nini kilichopita meno ya mtoto wangu?" Sijapata jibu hadi leo.

Miezi kadhaa baadaye niligundua kwamba jirani yangu wa ploti katika mtaa wa Kaptembwo, mtu mpole anayembebea mkewe mitungi ya maji, hufanya kazi hiyo hiyo ya ubaunsa. Nilimkaribisha chai nikamsimulia yaliyotupata. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Foleni ilikuwa ndefu?" Nikamwambia ilikuwa ndefu. Akatikisa kichwa. "Basi ulimfungia njia."

Alinifafanulia hivi. Baunsa hulipwa kwa kuonekana hashindiki. Akimruhusu mtu mmoja aliyepiga kelele, wote walio nyuma yake watapiga kelele. Kwa hiyo ukimtukana mbele ya umati, hata kama wewe ndiwe mwenye haki, umemnyima nafasi ya kukubali. Lakini mtu akijitenga kando na kumnong'oneza, "Bosi, nisaidie, shida yangu ni hii," mara nyingi hupatikana njia. Na isipopatikana, unaenda zako ukiwa mzima.

Kuhusu kitambulisho, alisema baunsa hakiombi kwa kiburi. Sheria ya mwaka wa 2010 kuhusu vileo, ile tuliyozoea kuiita sheria ya Mututho kwa kuwa iliwasilishwa bungeni na John Mututho, wakati huo mbunge wa Naivasha, inakataza kumuuzia pombe mtu asiyetimiza miaka 18. Mtoto akikutwa ndani, leseni ya tajiri iko hatarini, na wa kwanza kufutwa kazi ni aliyekuwa mlangoni. Vijana wa chuo wenye nyuso za kitoto wasione wanaonewa.

Jambo la pili alilosisitiza ni mikono. Usimguse baunsa, hata kwa kumpigapiga begani kirafiki. Katika giza na kelele zile hana muda wa kupima nia yako. Rafiki yako akilewa na kuanza fujo, mtangulie baunsa: mshike mwenzako, useme, "Huyu ni wangu, namtoa." Jirani yangu aliapa kwamba hakuna maneno matamu kuliko hayo saa nane za usiku. Ugomvi wa bili nao si wake. Mwite meneja, na uwe na risiti. Akaongeza jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: msichana anayesumbuliwa na mlevi ndani ya klabu amwendee baunsa moja kwa moja, amwombe pia amsindikize hadi kwenye teksi. Alisema kazi hiyo yeye huifurahia.

Kisha nikamuuliza kuhusu kupiga watu. Hapo chai ilimpoa mkononi.

Nisieleweke vibaya, sikumwachilia. Baunsa si polisi. Sheria ya mwaka wa 2016 ya walinzi wa kibinafsi inamruhusu mlinzi kukuomba ujitambulishe unapoingia mahali anapolinda, na raia yeyote anaweza kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa kubwa kama wizi. Lakini anapaswa kumkabidhi polisi bila kukawia. Hakuna mahali aliporuhusiwa kumpeleka nyuma ya jikoni kumfundisha adabu. Kumpiga mtu hadi kumjeruhi ni kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka mitano. Yakikufika, usirudishe ngumi usiku ule. Nenda hospitalini, kisha kituo cha polisi usiku huo huo, upewe nambari ya OB na fomu ya P3, na uchukue namba za simu za walioshuhudia kabla hawajatawanyika.

Sisi tulikwenda siku mbili baadaye. Shati lenye damu mama alikuwa ameshalifua. Shahidi hatukuwa naye hata mmoja, maana ile foleni iliyonicheka iliingia ndani kucheza. Na tulipoulizwa nani alimshika mwenzake kwanza, tulitazamana. Kesi ilifia mezani.

Jirani yangu alikiri kwamba aliwahi kumpiga mtu asiyestahili. Alinieleza kwa ufupi, akainuka akaenda kujiandaa. Baridi ya Nakuru usiku ni kali, na mtu wa kusimama nje hadi alfajiri huvaa nguo nyingi.

Desemba iliyopita mdogo wangu, ambaye siku hizi ana kazi yake Naivasha, alikuja akasisitiza kunitoa mimi. Tulifika kwenye klabu nyingine kabisa. Baunsa akaomba vitambulisho. Kijana akatoa chake. Nikapapasa mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikakumbuka kwamba changu kilikuwa katika koti nililoliacha nyumbani. Wote wawili walinitazama.

"Samahani, ndugu," nikamwambia baunsa. "Nimekisahau."

Mdogo wangu alicheka hadi akashika ukuta. Tukavuka barabara, tukaagiza mutura.