Siku Nilipopiga Windows Kompyuta ya Shule

Nianze na kosa langu, maana mengine yote yametoka hapo. Jumamosi moja ya mwezi wa nane mwaka jana, nikiwa field ya ualimu kwenye shule moja ya kata mwambao wa Ziwa Nyasa, si mbali na Mbamba Bay, nilikaa mbele ya kompyuta pekee ya ofisi nikaifuta yote. Sikutumwa na mtu. Nilijituma.

Wanaonijua hosteli wanajua kwamba mimi ndiye ninayewapigia watu Windows kwa elfu kumi. Nasoma elimu, Hisabati na Jiografia, lakini boom likichelewa, flashi yangu ndiyo inayonilisha. Sasa fikiria kijana kama huyo anaingia ofisi ya shule na kukuta kompyuta ya mezani bado inatumia Windows XP, ile yenye picha ya kilima cha kijani na mawingu. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, mimi nikiwa darasa la nne. Ukiiwasha asubuhi unaenda kunywa chai na muhogo wa kuchemsha, unarudi, bado inajikokota. Niliiona kama aibu. Nikasema nitawaachia walimu hawa zawadi.

Ijumaa yake mama sekretari aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, unaijua vizuri lakini? Maana hii inaendaga kwa mazoea." Nikamjibu, "Usijali mama, kazi ya saa moja." Nilinakili mafaili yote ya Word kwenye flashi, nikaona nimekuwa mwangalifu kweli. Nikaweka Windows 10 ya 64-bit. Saa moja haikufika, mashine ikawaka na kioo cheupe. Nikapiga picha, nikatuma kwenye grupu la darasa.

Halafu nikajaribu kuchapa.

Pembeni ya kompyuta kulikuwa na printa ya leza ya kijivu, ya miaka ya 2001 hivi, nzito kama jiwe la kusagia. Windows 10 iliitazama, ikaiita kifaa kisichojulikana, ikaiwekea alama ya mshangao ya njano. Basi. Hakuna kilichotoka.

Kwa wasiojua, draiva ni mkalimani. Mweke Mmatengo wa milimani na mvuvi wa kule ziwani wafanye biashara bila lugha ya pamoja, kahawa haitauzwa na samaki hatauzwa. Kompyuta na printa ni hivyohivyo, na mkalimani wao anaandikwa na mtengenezaji wa kifaa, kwa ajili ya mfumo fulani. Mtengenezaji akiacha kuandika, kifaa kinabaki kizima lakini bubu. Na kuna jambo nililolijua nikalipuuza: draiva ya 32-bit haikai kabisa kwenye Windows ya 64-bit. Printa ile haikuwahi kuandikiwa draiva ya 64-bit. Mkalimani wake alikuwa mmoja tu, na alikuwa anaishi ndani ya ile diski niliyoifuta.

Nielezee kwa nini hili halikuwa jambo la kucheka. Mwaka uliotangulia mtihani wa ndani ulipelekwa steshenari kuchapwa, ukavuja, watoto wakaukuta mtaani kwa shilingi mia tano. Tangu siku hiyo ikawa amri ya mkuu wa shule: mtihani hautoki nje ya ofisi. Wazazi walichangia rimu za karatasi, na mitihani ya katikati ya muhula ilikuwa inaanza Jumatano. Kidato cha Pili walikuwa wanajipima kabla ya mtihani wao wa taifa wa Novemba. Mimi nimeua printa Jumamosi.

Jumatatu asubuhi, kwenye kikao, mkuu alisema printa haifanyi kazi, na kwamba alishaonya mashine ile isiguswe ovyo. Akamtazama mama sekretari, kwa sababu ndiye aliyechapa barua ya mwisho Ijumaa. Mama akainama. Mimi nikaangalia daftari langu la maandalio ya somo.

Nilinyamaza siku ile nzima. Nilijiambia nikipata draiva usiku huu, hakuna haja ya kusema lolote. Kwa hiyo jioni nikapanda kwenye mwamba ulio juu ya shule, mahali ambapo simu inashika, nikaanza kutafuta. Ukitaka kujua upweke, tafuta draiva ya kifaa cha zamani kwa bando. Ukurasa wa mtengenezaji ulisema bidhaa hii imeacha kuhudumiwa. Kurasa nyingine zilikuwa na vitufe vikubwa vya kijani vilivyoandikwa pakua, na kila kitufe kilileta programu ya kutafuta draiva badala ya draiva yenyewe. Moja niliipakua, nikaipeleka kwenye kompyuta. Ikazunguka, ikatangaza kwamba mashine inakosa draiva 27, ikaomba dola. Bando la wiki likaishia hapo. Chini yangu wavuvi walikuwa wanawasha taa za dagaa, ziwa likawa kama mji.

Jumanne mama sekretari alinifuata kwenye mti ninapokaa kusahihisha. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, wewe unajua mambo haya. Hivi nilibonyeza nini?"

Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu. Nikampa shikamoo, nikamweleza kila kitu, hata kwamba Windows niliyoiweka ilikuwa ya magendo. Hakufoka. Aliuliza tu kama nimeshamwambia mama. Nikasema bado. Akasema, "Anza na yeye. Halafu mitihani ya Jumatano na Alhamisi itaandikwa ubaoni. Utaiandika wewe."

Mama aliposikia alicheka kwa muda mrefu, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo, kisha akasema, "Mbona kulikuwaga na CD?" Tukaitafuta makabatini. Hatimaye mwalimu wa elimu ya kujitegemea akakumbuka kwamba CD zote za zamani alizitundika kwenye shamba la mpunga la shule kufukuzia ndege. Mpunga ulishavunwa, kamba ilikuwa bado. Nilikwenda na vijana wawili wa Kidato cha Tatu, tukazikuta nne zinazunguka kwa upepo wa ziwa zikimetameta. Ya printa yetu ilikuwepo. Ilikuwa imepauka na kukwaruzika kama sufuria ya msiba. Kompyuta ilijaribu kuisoma, ikaguna, ikaitema.

Mwalimu wa Historia hakuniacha. Alikuwa anapenda kusimulia kisa cha Liuli, kaskazini mwa Mbamba Bay, wakati huo Wajerumani wakipaita Sphinxhafen. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo wakati meli ya Waingereza, Gwendolen, ilipotokea na kuipiga mizinga. Vita vilishaanza Ulaya, lakini nahodha Mjerumani habari zilikuwa hazijamfikia. "Sasa wewe," alinicheka, "ni Mwingereza au Mjerumani?"

Mitihani ya ubaoni sitaisahau. Hisabati ya Kidato cha Pili, maswali kumi, ubao umechakaa katikati, watoto zaidi ya themanini. Niliandika nusu ya kwanza, nikasubiri, nikafuta, nikaandika nusu ya pili, huku wa nyuma wakisema, "Sir, bado." Kwenye kusahihisha nikakutana na karatasi ya binti mmoja anayekaa dawati la mwisho. Swali la nne alilikosa, la sita alilikosa, la saba alilikosa. Nilipoangalia vizuri nikagundua kwamba kila mahali nilipoandika 8 yeye alisoma 3, na kwa hiyo 3 alikokotoa bila kosa hata moja, hatua kwa hatua. Chuoni tumefundishwa kurasa nyingi juu ya uhalali wa kipimo. Pale nilikuwa na mtoto mwenye macho mabovu, ubao mbaya na printa niliyoiua mimi. Nilimpa alama za njia, nikampelekea mwalimu wa taaluma ile karatasi. Kumbe hakuna aliyejua kwamba haoni mbali.

Zilikuwa zimebaki karatasi nne za mtihani, zianze Jumatatu. Ijumaa alfajiri nikapanda gari kwenda Mbinga, ile barabara ya lami ya kilomita 66 inayoliacha ziwa na kupanda milima. Unaondoka na joto, unashuka stendi ya Mbinga umejikunyata, na msimu ule kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye vichanja pembezoni mwa njia. Nilitafuta fundi mmoja niliyeelekezwa, mwenye kibanda kidogo kilichojaa mashine zilizofunguliwa matumbo. Aliuliza swali moja tu: "Dogo, kabla ya kupiga Windows ulitoa draiva?" Nikanyamaza. Akanisogezea kigoda.

Alichonifundisha asubuhi ile nakiandika hapa kwa sababu wengi wetu tunapiga Windows bila kukijua. Usitafute kifaa kwa jina lake, tafuta kwa namba yake. Kila kifaa kinajitambulisha kwa namba ya mtengenezaji na namba yake chenyewe. Kwenye Windows ingia Device Manager, bonyeza kulia kile chenye alama ya njano, fungua sifa zake hadi Hardware Ids. Vifaa vya ndani vinaandikwa VEN na DEV, vya USB vinaandikwa VID na PID. VEN ikiwa 8086, huyo ni Intel, ambao walichukua namba ya prosesa yao ya mwaka 1978. Ukiwa na namba hizo, kitufe cha kijani hakikudanganyi. Na kama mashine bado inafanya kazi, kwenye Windows 10 kuna amri ya dism yenye export-driver, inakutolea draiva zote nje na kuziweka kwenye folda unayotaka. Dakika chache tu. Mimi nilikuwa na mwaka mzima napiga watu Windows sijawahi kuiona. (XP haikuwa na hiyo amri, lakini hata hiyo siyo sababu, maana sikuwa hata nimewaza.)

Kwa zile namba tulikuta nakala ya ile CD kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 1996 na Brewster Kahle huko Marekani. Kuna watu wanaokaa kupakia CD za printa zilizokufa, Mungu awabariki. Faili halikufika hata MB 20. Nilishachoma bando la wiki nzima nikitafuta kitu kidogo kuliko video ya harusi.

Lakini ilikuwa ni draiva ya 32-bit tu, na mkuu alishasema hataki tena kitu cha magendo kwenye mali ya serikali. Fundi akasema basi tuweke Linux, ni ya bure. Huko kuna draiva inaitwa foo2zjs, iliandikwa na mtu anayeitwa Rick Richardson, siyo mtengenezaji, kwa ajili ya jamii nzima ya printa za namna ile. Tatizo ni kwamba printa zile hazina kumbukumbu. Kila zikizimwa zinasahau zenyewe ni nini, na zikiwashwa lazima kompyuta izitumie upya programu yao ndogo ya ndani. Hiyo programu ndogo Linux haikuwa nayo, iko ndani ya ile CD. Kwa hiyo tulifungua CD ya Windows, tukatoa faili moja, tukalifungasha upya kwa amri fupi, tukaliweka kwenye flashi. Fundi alikataa hela. Alisema nimnunulie chai, na nisirudie.

Jumamosi saa mbili usiku, mama sekretari akiwa ameshika tochi maana umeme ulikuwa umekatika mara mbili jioni ile, niliwasha printa. Ilinyamaza. Halafu ikaguna tumboni, taa ikageuka kijani, na karatasi ya majaribio ikatoka ikiwa na moto. Mama aliishika kwa mikono miwili. Tulichapa Baiolojia hadi usiku, yeye akipanga, mimi nikihesabu.

Kabla sijaondoka nilimwandikia kwenye karatasi hatua zote kwa Kiswahili, tukaibandika ukutani: washa kompyuta kwanza, printa baadaye, subiri igune. Faili la draiva nililiacha sehemu tatu, kwenye flashi ya mkuu, kwenye barua pepe ya shule, na kwenye CD mpya ambayo mwalimu wa elimu ya kujitegemea aliapishwa kutoigusa.

Katikati ya Oktoba, nikiwa nimesharudi chuo, mama alinitumia ujumbe wa sauti. Ilikuwa wiki ileile ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14. Nyuma ya sauti yake nilisikia printa inaguna. "Mwanangu, hapa tunaendelea vizuri. Yule binti kapata miwani, kakaa mbele. Sasa laptopu ya mwalimu wa taaluma imemwandikia maneno kwamba imeisha muda, anataka aifute. Nimemwambia asubiri kwanza. Nimemwambia atafute namba."