Kuchagua Nyumba ni Kuchagua Kasoro

Wahenga walinena kwamba mtaka yote hukosa yote. Methali hii nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, lakini maana yake niliipata barabara mwaka 2022, nilipokuwa nikitafuta nyumba ya kupanga mjini Bujumbura pamoja na mke wangu na watoto wetu watatu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Gatumba, magharibi ya mji, kwenye njia iendayo mpakani mwa Kongo. Ilikuwa na vyumba vinne, ua mpana, mwembe wenye kivuli, na kodi yake ilikuwa nafuu. Mke wangu aliipenda papo hapo. Mimi nilitazama ukuta, nikaona mstari wa tope chini kidogo ya dirisha. Mto Rusizi ulifurika huko mwaka 2020, na mwaka 2021 Ziwa Tanganyika nalo likapanda.

Ya pili ilikuwa Kiriri, mlimani, penye upepo mwanana na mandhari ya ziwa. Lakini kodi yake ingaliumeza mshahara wangu wote.

Ya tatu ilikuwa Buyenzi: vyumba viwili na sebule, ua wa kushirikiana na wapangaji wengine, choo kimoja, na kelele za mafundi wa magari tangu asubuhi. Mke wangu akanivuta kando, akaniuliza, "Baba Amina, sote tutalala wapi?" Nikakosa jibu. Bibi mwenye nyumba alitukaribisha kahawa, akatujulia hali kwa Kiswahili kitamu. Huko uani, binti yetu mdogo, ambaye kila nimsemeshapo Kiswahili hunijibu kwa Kirundi, alikuwa akiruka kamba na watoto wa jirani, akihesabu nao kwa Kiswahili.

Usiku ule tuliziandika kasoro za kila nyumba, tukatenga zile zinazorekebishika na zile zisizorekebishika. Mlango mbovu na paa livujalo ni kazi ya fundi; mto hauhamishwi kwa ombi la mpangaji. "Hata ufinyu hauna fundi," mke wangu akasema, na alisema kweli. Mwishowe tulikubaliana kwenda Buyenzi, kwa sharti moja: vitabu vyangu vibaki shuleni, ili kitanda cha mtoto kipate nafasi.

Mwaka 2024 maji yaliingia tena Gatumba. Sikujisifu, kwa maana tuna rafiki zetu huko. Tena mwanangu mkubwa angali analala sebuleni, na mke wangu hajausahau ule mwembe. Lakini siku hizi binti yetu mdogo hunisahihisha mimi mwalimu ninapokosea msemo wa mtaani.

Ndugu walimu, atafutaye nyumba asiulize ni ipi isiyo na kasoro. Na ajiulize ni kasoro gani yeye na jamaa yake wataweza kuamka nayo kila siku bila kulaumiana.