Picha Tulizoleta Darasani Masanze

Mwezi wa nane kijiji chetu cha Masanze kilinukia ufuta. Mafungu yake yalisimamishwa nyuma ya nyumba yakauke, na mtu akiyagusa tu, punje zilimwagika turubaini. Misufi nayo ilikuwa imepasuka. Sufi nyeupe iliingia darasani kwa madirisha yasiyo na mbao, ikatua kwenye nywele za wasichana wa dawati la mbele. Ilikuwa 1986. Ofisini kwa Mwalimu Mkuu picha ya Rais Mwinyi bado iling'aa, pembeni ya ile ya Mwalimu Nyerere iliyoanza kufifia kwa jua.

Mwalimu wetu wa Historia alianza na picha tuliyoizoea: Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar, Aprili 1964. Mikono ikapaa. "Muungano, Mwalimu!" Akasema Muungano tunaujua, sasa tuitazame picha. Akaifunika kwa karatasi, akaacha mikono tu ionekane. Mikono ya nani hii? Hapo ndipo tulipowaona vijana waliosimama karibu na Rais wakishika vyombo, miongoni mwao msichana. Jina lake nilikuja kulisoma ukubwani, Khadija Abbas Rashid wa Zanzibar, nikatamani tungelijua siku ile.

"Kesho mwenye picha nyumbani ailete," alisema Mwalimu. "Lakini aombe kwanza. Picha ya mtu haichukuliwi kimyakimya."

Zikaja zimefungwa kwenye vipande vya khanga, nyingine katikati ya kurasa za msahafu au Biblia, zikinukia naftalini na moshi wa jikoni. Nyingi zilipigwa na yule mpiga picha wa baiskeli aliyekuwa akitoka Kilosa mjini baada ya mavuno. Ulimpa nusu ya fedha, akaondoka na mkanda wake kwenda kuusafisha, nawe ukakaa kumngoja mpaka ukakata tamaa. Nyuma ya picha kulikuwa na maandishi ya kalamu ya wino: ukumbusho wa Idi, ukumbusho wa Krismasi.

Mwalimu alizipanga mezani, akatuita kwa makundi. Hakuruhusu mtu aseme picha ina maana gani. Sema unachokiona. Saa. Redio. Kiti cha kamba. Kisha msichana mmoja akasogea zaidi, akasema kwa sauti ndogo kwamba babu yake, na baba wa jirani, na mjomba wa mwingine wote wamevaa koti lile lile. Tukasukumana. Kweli, koti moja, na kila mwanamume ameweka mkono tumboni mahali pale pale. Palikuwa na kifungo kilichokatika.

Wengine wakacheka. Mwalimu hakucheka. Aliuliza picha hizi zilitumwa kwa nani, na majibu yakaanza kutoka moja moja: kwa kaka aliyekuwa mashamba ya mkonge, kwa shangazi Dar es Salaam, kwa mchumba Mikumi. Kwa hiyo, akasema, huyu wa pichani alitaka wa mbali alale bila wasiwasi. Nililipenda sana jibu lile. Mpaka leo nikiona mtu kasimama wima mbele ya kamera, namtafuta yule anayesimamiwa.

Picha yangu ilikuwa ya Bibi, mwaka 1975, mbele ya nyumba mpya ya udongo. Mwalimu aliitazama muda mrefu kuliko nyingine, akaniuliza nyuma ya nyumba kuna nini.

"Hakuna kitu, Mwalimu."

"Miti je?"

Hakukuwa na mti hata mmoja. Pale pale ambapo mimi nilikua nikipanda mwembe na kuangusha maembe mabichi, picha ilionyesha ardhi tupu na kijiti kimezungushiwa miiba.

Jioni nilimpelekea Bibi picha yake. Alikuwa anapepeta ufuta. Nikamuuliza kuhusu kile kijiti.

"Ndiyo huo mwembe, mjukuu wangu. Tulikuwa tumehamishwa juzi tu, wakati wa Operesheni Vijiji. Miti yetu mikubwa ilibaki kule kuelekea milimani, na babu yako kalala chini yake."

Akaweka ungo chini, akaanza kunitajia: miembe mitatu, mfenesi, mlimao wa mama yake. Nilichukua daftari la Historia nikaiandika yote, na kesho yake nikamsomea Mwalimu. Akanirudisha kwa Bibi nikaulize ule mlimao ulipandwa na nani.