Mrashi wa Bibi

Mrashi wa nyumbani kwetu ulikuwa wa shaba, shingo ndefu, tumbo limebonyea upande mmoja, na matundu mawili ya kichwani yalikuwa yameziba. Bibi aliusugua kwa ndimu na majivu kila ulipoingia mfungo sita, mwezi wa maulidi. Usiku ule wa Agosti 1993, mtaani kwetu Ngamiani, alinikabidhi mimi. Nilikuwa na miaka 11, kanzu imenizidi, na kazi yangu ilikuwa moja: watu wakisimama, nipite safu kwa safu nikiwanyunyizia marashi.

Kesho yake dada yetu mkubwa alikuwa anaolewa. Mume ni mtu wa Pangani, na wageni wao walikuwa wameshafika tangu alasiri, wamejaa vumbi la njia, wakapokewa kwa madafu. Turubai lilifungwa toka ukutani kwetu hadi kwenye mwembe wa jirani. Mikeka ilitandikwa, chetezo kikawa kinafuka udi, na vijana wa madrasa wakawa wanakausha matari kwenye moto wa makumbi ili ngozi zikaze.

Ba'mkubwa ndiye aliyeitisha maulidi. Ba'mdogo ndiye aliyesema hayatasomwa.

Ba'mdogo alikuwa ameanza kusali na watu wa Suna, kanzu yake ikapanda juu ya vifundo vya miguu. Kwake maulidi ni bidaa: Mtume hakuyasoma, masahaba hawakuyasoma. Ba'mkubwa akamjibu kwamba baba yao aliyasoma, na babu yao, na kwamba mtunzi wa Barzanji inayosomwa alikuwa mtu wa Madina hiyohiyo. Mabishano haya hayakuzaliwa kwetu. Lamu, matari ya msikiti wa Riyadha yaligawa watu tangu enzi za Habib Swaleh. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akikemea uzushi katika gazeti lake la Al-Islah mwaka 1932, kabla baba zangu hawajazaliwa. Lakini mwenye kuishi ndani ya mabishano hayaoni kuwa ya zamani. Anaona ndugu wawili hawasalimiani.

Na wote wawili walimshika sheikh mmoja, Abdullah Saleh Farsy. Mmoja alisema: ndiye aliyetufasiria Barzanji kwa Kiswahili. Mwenzake akasema: na ndiye huyohuyo aliyekuja kuandika kijitabu cha kukataza bidaa. Wote walisema kweli. Tafsiri ya Qurani ya sheikh huyo, ile iliyotoka 1969, ilikuwa moja tu nyumbani, na hata walipokuwa hawasemezani waliazimana. Aliyetumwa kuipeleka na kuirudisha nilikuwa mimi.

Kisomo kilianza vizuri. Kufika katikati, sauti ya spika ikakatika. Ba'mkubwa akadhani umeme umekwenda, akatazama juu, taa zinawaka. Hapo akajua. "Nani kang'oa waya?" Rafiki mmoja wa Ba'mdogo alikuwa amesimama karibu na dirisha, na hakukataa. Wakakunjana. Wageni wa Pangani, ambao hawakuwa na habari ya ugomvi wetu, waliinuka wakidhani ni maneno ya mahari, mzee wao akawa anasema kwa sauti, "Sisi tumeshalipa yote, jamani!" Mtu alikanyaga tari, likapasuka. Mpishi akaacha masufuria uani, akaja na mwiko mkononi kutazama.

Mwalimu aliyekuwa akisoma hakunyamaza. Alikuwa mzee, sauti nyembamba, na aliendelea kusoma bila spika kana kwamba yuko peke yake msikitini. Mmoja mmoja watu wakaona haya, wakakaa. Akafika pale pa kuzaliwa Mtume, na mikeka yote ikasimama.

Ba'mdogo hakusimama. Bibi alikuwa amemwamuru akae safu ya mbele amwone, naye alitii kukaa, basi. Nikamfikia na mrashi wangu. Huku Ba'mkubwa ananitazama, kule wale rafiki zake wananitazama. Mkono ulinitetemeka, marashi yakanitiririkia kwenye kiwiko.

Bibi akatoka uani kwa wanawake. Alikuja na mkongojo wake, polepole, akasimama kando ya mwanawe, hakusema neno. Magoti yake yalikuwa mabovu tangu zamani. Akaanza kuyumba. Ba'mdogo akamtazama mara moja, akainuka, akamshika kwapani, na mama yake akamwegemea kwa uzito wake wote mpaka kisimamo kikaisha. Niliwanyunyizia wote wawili.

Alimsimamia mama yake au aliyasimamia maulidi? Mtaa wetu ulibishana mwezi mzima. Mimi niliyekuwa karibu niliona anamtazama mama yake tu.

Pilau liliungua. Sufuria moja ilibaki matandu matupu, masinia yakapungua nusu, ikabidi watu wabanane saba saba, wa matari na wa kung'oa waya pamoja. Ba'mkubwa akakatakata nyama kwa vidole kama afanyavyo mwenye nyumba, akaisogeza mbele ya mdogo wake. Ba'mdogo akala.

Bibi hakuufikia mfungo sita mwingine. Ba'mdogo alivua viatu akaingia kaburini mwenyewe kumlaza mama yake. Tulipomaliza kufukia, mwalimu akachuchumaa upande wa kichwani kusoma talqini. Ba'mdogo akaondoka bila neno, akaenda kusimama chini ya mwarobaini, anafikicha udongo mikononi. Ba'mkubwa akainama sikioni kwa mwalimu. "Fupisha, sheikh." Ikafupishwa. Kisha Ba'mkubwa hakuomba dua, hakuruhusu mtu kuondoka. Alisimama akingoja, ameshika viatu vya mdogo wake mkononi, mpaka mwenyewe aliporudi kuvichukua.