Mguu Wangu Umejifunza Upya Kuhisi

Alhamdulillahi, leo natoka nyumbani hadi ufuo wa Diani kwa miguu yangu, na wa kushoto unajua umekanyaga nini.

Kiharusi kilinipata upande wa kulia wa ubongo, ndiyo maana mwili ukapooza kushoto. Majirani walisema ni upepo mbaya. Hospitalini Msambweni nilielezwa kwamba damu ilizibwa isifike sehemu ya ubongo, na kwamba presha yangu ilikuwa juu.

Nguvu zilitangulia kurudi. Niliposimama na mkongojo, ndugu zangu walipiga vigelegele. Lakini unyayo ulikuwa na ganzi: ndala ikinivuka sina habari, nikikanyaga jiwe sijui. Hilo nililia nalo peke yangu, kwani mtu akikuona umesimama hudhani umepona.

Mtaalamu wa viungo alinifahamisha kwamba mishipa ya fahamu ya mguuni ilikuwa mizima. Kilichoumia ni mahali pa ubongo panapopokea habari zake. Sehemu nyingine za ubongo huweza kufunzwa kazi hiyo, ila kwa kurudiarudia.

Binti yangu akawa mwalimu wangu. Nafumba macho, ananisugua unyayo kwa makumbi ya nazi, kisha kanga, kisha ukingo wa mkeka, nami nataja ni kipi. Nikikosa, nafumbua macho nitazame huku akinigusa tena. Halafu anapitisha kitu kile kile kwenye mguu wa kulia nipate kulinganisha. Akimaliza anakisogeza kidole gumba cha mguu wa kushoto juu au chini, nami naeleza kimeelekea wapi. Muda mrefu nilikuwa nabahatisha tu. Kisha siku moja makumbi yakanikwaruza, nikayataja kabla hajaniuliza. Tulikumbatiana tukalia.

Joto bado silitambui sawasawa. Maji ya kuoga nayapima kwa mkono wa kulia, mchanga wa adhuhuri siukanyagi peku, na kila jioni unyayo wangu unakaguliwa, kwa kuwa kidonda kisichouma huoza kimyakimya.

Wewe uliye na mgonjwa wa kiharusi, usimwambie mguu wake umekufa. Mwulize anahisi nini, umpeleke kwa mtaalamu, na mazoezi yaendelee nyumbani hata nguvu zikisharudi. Nawe mwenyewe kapime presha.